Acheni ed Mahali Pake

Kuna hoja inayozunguka kila wanapokutana vijana wa kompyuta huku Mombasa bara, kuanzia vyumba vya mafunzo vya Kisauni hadi vibanda vya mafundi vya Magongo, na sijasikia mtu akiipinga kwa sauti. Hoja yenyewe ni kwamba kile kiwango kiitwacho POSIX, kinachoeleza mfumo endeshi wa ukoo wa Unix lazima uwe na amri gani, kimepitwa na wakati. Kinalazimisha vikongwe kama kihariri cha ed, kikokotoo cha bc na pax ya kufungasha mafaili, ambavyo hakuna anayevigusa, na kinaziacha nje zana tunazozitumia kutwa: curl, git, tar, Python. Dawa yao ni nyepesi. Tazama watu wanatumia nini, kiandikwe, kisichotumika kifutwe. Wakali zaidi husema hata hicho kiwango hakihitajiki, kwa kuwa Ubuntu ndiyo kiwango.

Naikataa hoja hii, na naikataa yote. Si kwamba naipenda ed. Hakuna mtu mwenye akili zake anayeandika waraka mzima ndani ya ed asikasirike. Naikataa kwa sababu wenye hoja wanauliza kitu gani kinapendwa, na hilo halikuwahi kuwa swali la kiwango. Kazi ya kiwango ni kupima ahadi gani inaweza kutolewa leo, ikatimizwa na mtu asiyetujua, kwenye mashine ambayo bado haijaundwa.

Tuanze na kilichoandikwa, maana wengi wanaokitukana kitabu hiki hawajakifungua. POSIX, jina lililopendekezwa na Richard Stallman, mwanzilishi wa mradi wa programu huria wa GNU, ilitoka mara ya kwanza mwaka 1988, na wakati huo ilihusu miito ya ndani tu, ile ambayo programu huitumia kuzungumza na kiini cha mfumo. Sheli na amri zake zilifuata mwaka 1992. Tangu 1998 kazi iko mikononi mwa Austin Group, kikundi kilichopewa jina la mji wa Texas kilikokutania mwanzo, na toleo la karibuni ni la 2024. Amri zilizomo ni takribani 160, na si zote za lazima. Kihariri cha vi, ambacho kila mwanafunzi hulazimishwa kukijua, kimo katika kundi la hiari. ed ni ya lazima. Hapo ndipo vicheko huanza.

Kila amri ina ukurasa wake: inapokea nini, machaguo yake ni yapi, inatoa nini, ikishindwa inarudisha namba gani. Huwezi kukuta humo jina la programu ya mtu fulani. Ukurasa wa awk, amri ya kuchambua maandishi, hausemi "fanya kama inavyofanya ya GNU". Unasema ukipewa hiki, toa kile. Kwa hiyo leo ipo awk ya GNU, ipo mawk, ipo ya Brian Kernighan mwenyewe, mmoja wa watatu walioibuni mwaka 1977, na ipo iliyofichwa ndani ya BusyBox, programu moja inayobeba amri nyingi. Zimeandikwa na watu mbalimbali katika nyakati mbalimbali, na skripti iliyoandikwa kwa adabu hupita kwa zote.

Sasa tuitazame amri moja kwa karibu, sed, ile ya kubadilisha maandishi. Karani wa yadi ya makontena ana faili la kontena.txt, na kila palipoandikwa MIRITINI anataka pasomeke CHANGAMWE. Kijana wake wa kompyuta, aliyejifunzia kwenye Ubuntu, anamwandikia:

sed -i 's/MIRITINI/CHANGAMWE/g' kontena.txt

Inafanya kazi, anapewa chai, anaenda zake. Mwezi ujao bosi anarudi na kompyuta ya Mac. Amri ileile, faili lilelile, na jibu linalotoka ni lalamiko kwamba k ni amri isiyojulikana. K ipi? Ni herufi ya kwanza ya jina la faili. Kwenye Mac, na kwa baadhi ya ndugu zake wa BSD, chaguo la -i hudai kupewa kiambishi cha kuhifadhia nakala ya faili la zamani. Basi sed imeyachukua maagizo ya kubadilisha maneno ikayafanya kiambishi, kisha ikalichukua jina la faili ikalisoma kama maagizo. Ukiirekebisha kwa kuweka alama mbili tupu za nukuu baada ya -i, Mac inaridhika. Ukiirudisha kwenye Ubuntu, sed ya huko inayasoma maagizo yako kama jina la faili na kusema faili hilo halipo.

Chaguo la -i linapendwa kuliko karibu kila chaguo jingine la sed. Halimo katika kiwango. Halimo hata katika toleo la 2024. Wenye hoja yao wataniambia hapo ndipo kiwango kilipozembea: kingeliandika mapema, tusingefika huku. Lakini kingeandika lipi kati ya hayo mawili? Kila upande una maelfu ya skripti zinazoutegemea. Kuchagua moja ni kuvunja za wenzao, na kuyakubali yote mawili ni kuandika kwamba amri hii inafanya chochote. Kupendwa hakuwezi kukata shauri hapa, kwa sababu yote mawili yanapendwa.

Kumbe kiwango kina jibu la haja ya karani, na limekuwemo tangu 1992:

printf '%s\n' 'g/MIRITINI/s//CHANGAMWE/g' w q | ed -s kontena.txt

Ndiyo, ed, yule kikongwe. Inaandika ndani ya faili lilelile, haiundi faili jipya pembeni na kulibadilisha jina kama inavyofanya sed -i ya GNU, kwa hiyo ruhusa na mwenye faili vinabaki vilivyokuwa. Na popote mfumo ulipotimiza kiwango, inafanya hivyohivyo, bila nukuu tupu wala kiambishi. Wanaoitazama ed kama kihariri cha kuandikia barua wana haki ya kucheka. Skripti haiandiki barua.

Watanijibu, na hili ndilo jibu lao zito: hiyo ed unayoisifu, ukisakinisha Linux nyingi za leo huikuti. Kweli. Arch haiiweki katika msingi wake, wala Debian iliyopunguzwa. Lakini aliyevunja ahadi hapo ni msambazaji, na tumezoea kumsamehe yeye na kumlaumu aliyeandika ahadi. Zaidi ya hayo, vikongwe hawa huitwa wanapohitajika. Mwaka 2013 waliokuwa wakiunganisha kiini cha Linux walichoka kuitegemea Perl kwa hesabu ndogo ya saa, Perl ambayo kila mtu aliijua na kila mashine ilikuwa nayo. Waliiondoa, na mahali pake wakaweka bc, hicho kikokotoo cha kiwango kinachochekwa.

Sisi wa Changamwe tusingehitaji kufundishwa kwamba kiwango huandika ahadi, si kinachopendwa, maana mfano wake hutuzibia barabara kila siku. Kontena hushuka melini Kilindini. Huenda likapanda treni ya reli mpya yenye upana wa milimita 1,435, likafika Naivasha, likahamishiwa reli ya zamani ya mita moja kuelekea Malaba. Huenda likapanda lori na kupita Magongo. Meli, treni mbili za upana tofauti na lori, vyote hulibeba, kwa sababu kiwango cha kimataifa kiliandika vipimo, uzito, na pembe nane zenye matundu ambamo kufuli za lori na kucha za kreni huingia. Hakuna aliyeandika kwamba kontena lazima libebe mitumba kwa kuwa mitumba ndiyo inayopendwa sokoni Kongowea.

Naam, tuseme tuifuate kwa uaminifu kanuni yao ya kuandika kinachopendwa. Wanaponicheka kwa ajili ya ed, huongeza na SCCS, zile amri za kutunza matoleo ya msimbo ambazo toleo la 2008 bado linazidai kwa mifumo inayotaka kuitwa Unix kamili, ilhali dunia nzima inatumia git. Na uucp je, ya kurushiana mafaili na barua kwa laini ya simu, iliyokuwa bado imo humo kama hiari mwaka 2008? Nawauliza: SCCS na uucp ziliingiaje kitabuni? Ziliingia kwa sababu enzi zao kila mtu alikuwa akizitumia. Ni watoto halali wa kanuni mnayoililia. Mngepewa kalamu katikati ya miaka ya 1990 mngeandika CVS. Miaka kumi baadaye mngeifuta na kuandika Subversion. Leo mnataka git, na curl iwe uucp ya kizazi chenu.

curl ni programu nzuri mno. Naitumia kila siku ya Mungu. Ina machaguo zaidi ya 250, hutoka upya takribani kila wiki nane, na kwa kweli iko moja tu, ya Daniel Stenberg na wenzake. Ukiiandika kuwa lazima, hujaeleza tabia. Umetaja jina la programu moja na kuwaambia wengine wote waifukuzie. Python nayo ilitupa somo hadharani. Toleo la 2 liliagwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, Apple wakaiondoa kwenye macOS 12.3 mwaka 2022, na skripti zilizoanza kwa kuita Python bila kutaja toleo zikabaki zimeduwaa. Skripti ya awk ya mwaka 1995, kama ilifuata kiwango, bado inakimbia.

Hata which, amri ndogo ya kuuliza programu iko wapi, haikosi mkasa. Kila mtu huijua, na haimo katika POSIX. Iliyomo ni command -v. Mwaka 2021 watunzaji wa Debian waliifanya which itoe onyo kwamba inaelekea kuachwa, na skripti zilizokuwa zikitegemea kimya chake zikaanza kuchafuka. Ilibidi kamati ya ufundi ya Debian iingilie kati ili ibaki. Ukitaka kuiandika katika kiwango, ile ya sheli ya csh ilikuwa inasoma mipangilio ya mtumiaji na majina yake ya mkato, nyingine hazisomi. Tunarudi kwenye -i ya sed.

Wale wa "Ubuntu ndiyo kiwango" ndio walionisukuma kuandika. Jaribio la kuifanya Linux yenyewe kuwa kiwango lilishafanyika, kwa jina la Linux Standard Base. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2001. Liliorodhesha maktaba na amri zilizokuwepo sokoni, likadai vifurushi vya muundo wa RPM, wakati Debian, mama wa Ubuntu, ana muundo wake tangu zamani. Toleo la 5.0 lilitoka 2015, na mwaka huohuo Debian ikajitoa. Toleo la 6 halijaonekana.

Na Ubuntu yenyewe haikukaa kuwasubiri. Ile ya 25.10, iliyotoka Oktoba 2025, iliziondoa amri za msingi za GNU na kuweka nyingine zilizoandikwa upya kwa lugha ya Rust. Haukupita muda, ikagundulika kwamba ukaguzi wa masasisho unaojiendesha wenyewe umezimika kwenye baadhi ya mashine. Chanzo kilikuwa date -r, chaguo la kuuliza saa ya faili: programu mpya ililipokea bila kelele, ikarudisha saa ya sasa. Ukurasa wa date katika kiwango hauna -r. Kosa lilipenya mahali ambapo hapakuwa na ahadi iliyoandikwa, palikuwa na mazoea tu. Anayesema Ubuntu ndiyo kiwango anitajie ni Ubuntu ipi.

Halafu kuna jambo la huku kwetu, ambalo watu wa ofisi za kisiwani hawalioni. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa mwaka 2009, na tuliambiwa intaneti imefika. Imefika, ndiyo. Lakini Mtongwe na Bakarani bado mtu hununua bando la shilingi 20 na kulihesabu. Kompyuta ya kwanza ya kijana wa Likoni ni simu ya Android, na ndani ya Android, tangu toleo la 6.0 la 2015, amri za msingi ni za Toybox, kazi aliyoianzisha Rob Landley. Ruta iliyotundikwa kwenye kibanda cha Wi-Fi cha mtaa mara nyingi ina BusyBox, iliyoanzishwa na Bruce Perens mwaka 1995 ili kisakinishi cha Debian kienee kwenye diski laini. Ruta yenye megabaiti 8 za hifadhi haina nafasi ya Python, wala git. Kumwambia mwenye mashine hiyo "sakinisha tu" ni kumtumia bili.

Orodha fupi ya ahadi ndogo zilizoelezwa vizuri ndiyo inayomfaa mtu huyu. Alichojifunza kwenye simu kinamfaa kwenye ruta, kinamfaa kwenye seva ya bosi wake, na kesho kinamfaa kwenye Mac ambayo leo haiwezi hata kuota kuinunua. Kila zana mnayoiongeza kwenye lazima inamsukuma mtengenezaji wa kifaa kidogo nje ya kiwango, na akishatoka nje, hata zile 160 haoni sababu ya kuzishika.

Sisemi kiwango ni msahafu. Habari ya pax ni aibu. Walipogombana wapenzi wa tar na wapenzi wa cpio, amri mbili za kufungasha mafaili, suluhu ikawa kubuni amri ya tatu ambayo hakuna upande ulioiomba, na mwaka 2001 tar ikaachwa nje kabisa. Zaidi ya miaka ishirini imepita, pax haimo kwenye Linux nyingi hadi uisakinishe, na tar iko kila mahali. Hapa nakubaliana na wapinzani wangu, ila kwa sababu yangu mwenyewe: tar ipo ya GNU, ipo ya BSD, ipo ya BusyBox, ipo ya Toybox, na machaguo ya c, x, t na f yanafanya jambo lilelile kwa zote. Hiyo ni ahadi inayoweza kuandikwa. Na df kuhesabu kwa vipande vya baiti 512, wakati hakuna mja anayefikiria diski kwa baiti 512, ni ukaidi tu. Stallman aliwakejeli waandishi wa kiwango kwa hilo na alikuwa na haki.

Wala siungi mkono wanaosema amri zote zitoke, kiwango kibaki na miito ya ndani. Microsoft walishatuonyesha matokeo. Windows NT ya 1993 ilikuja na sehemu ya POSIX kwa kuwa serikali ya Marekani iliidai katika ununuzi wake. Ilitimiza miito ya ndani, sheli na amri hazikuwemo, na kisanduku cha zabuni kikawekwa alama. Sijui karani gani angeweza kubadilisha hata neno moja la kontena.txt kwa kitu kile.

Tazameni badala yake toleo la 2024 lilivyofanya kazi yake. Zile amri za kupanga kazi kwa mafungu, qsub na jamaa zake, zilitangazwa mwaka 2008 kuwa zinaelekea kuachwa. Zikasubiriwa miaka 16 ndipo zikatolewa, pamoja na fort77. Yule mwenye skripti ya zamani alipewa muda wa kujirekebisha. Zilizoingia ni chache: readlink, realpath, timeout, zote ndogo, zote na tabia inayoelezeka kwa kurasa mbili tatu. Na ikaingia gettext na wenzake, yaani njia ya programu kutoa ujumbe kwa lugha ya mtumiaji, badala ya Kiingereza kilichogandishwa ndani yake.

Hilo la mwisho nalitaja kwa makusudi. Watu wa Afrika Mashariki wameitafuta njia hiyo muda mrefu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Lakini piga kura leo kati ya waandika programu wa dunia nzima, uwaulize wanataka zana gani ziwe lazima. gettext haitafika hata hamsini bora. Watataka git, watataka curl. Kwa kanuni ya kupendwa, karani wa Changamwe angengoja hadi kiama ili sed imlalamikie kwa Kiswahili.

Austin Group haitozi ada, na hailazimishi mtu awe mwanachama wa chochote ili ashiriki. Maandishi ya kiwango husomwa bure mtandaoni, na yeyote anaweza kuwasilisha kasoro au pendekezo. Basi vijana wa Kisauni wanaotaka tar irudi, waketi waandike ukurasa wake: inapokea nini, inatoa nini, ikikuta faili halipo inarudisha namba gani, na yapi wanayaacha wazi kwa sababu GNU na BSD hawaelewani. Nitautia sahihi. Na wanaotaka curl wafanye vivyo hivyo, kwa machaguo yote 250 na zaidi, kisha wampe mtu ambaye hajawahi kuiona aunde ya kwake kutokana na ukurasa huo peke yake. Wasipoweza kuuandika, curl ibaki ilipo, tuendelee kuisakinisha tunapoihitaji.